Nani Alikuwepo Ulipokula

Mizani ya wodi ya wanawake iliibwa wakati wa vita. Iliondoka pamoja na vioo vya madirisha, magodoro na hata vitasa vya milango, na aliyeichukua Mungu ndiye anayemjua. Kwa hiyo, mwaka 1994 ukielekea ukingoni, Pudentienne alikuwa akiwapimia wagonjwa wake stoo, kwenye mizani ya magunia, ile ile iliyopokea maharage na unga wa msaada vikishushwa kwenye malori.

Bwana stoo aliitwa Jean-Bosco, mtu wa moyo mzuri na mdomo mbaya.

"Leo unaniletea mzigo au unakuja kuchukua, muganga?" aliuliza, maana Kigali muuguzi naye huitwa muganga, na nani akatae cheo cha bure?

"Nakuletea Bibi Mukarugwiza. Mshike huo mkono, taratibu. Asikanyagie mguu ule."

Bibi Mukarugwiza alikuwa ameketi kwenye kiti walichombebea, mguu wake wa kulia umefungwa bendeji kutoka gotini hadi kifundoni. Aliitazama mizani, akamtazama Jean-Bosco, akairudia mizani.

"Mimi si gunia," alisema.

"Bibi, ni mizani tu," Pudentienne alibembeleza.

"Mizani hujua ilichozoea. Itanisoma kama maharage."

"Maharage yangekuwa mepesi namna hii, Bibi," Jean-Bosco alidakia, "ningelirudisha lori lilikotoka."

Walicheka wote, hata bibi mwenyewe alitabasamu kwa pembe ya mdomo. Pudentienne peke yake hakucheka, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye mshale. Mshale ulikuwa umeshuka tena. Juma lililopita ulishuka, na la kabla yake vilevile, na mwanamke huyu kila siku adhuhuri aliletewa sufuria ya chakula na sufuria ikarudi nyumbani tupu.

Pudentienne alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa wazazi waliokimbia Rwanda hata kabla hawajaoana. Kiswahili alikinyonya pamoja na maziwa ya mama, Kifaransa akakipata kwa watawa, na Kinyarwanda akakisikia zaidi pale baba yake alipokuwa na hasira. Njia ilipofunguka mwezi wa saba, aliacha kazi nzuri, akafunga sanduku moja na vitenge viwili, akapanda lori la kwenda Kigali. Mama yake alimlilia, "Nchi yenyewe huijui!" Naye akajibu kwa kiburi cha ujana kwamba mgonjwa ni mgonjwa popote, na mwili wa binadamu hauna uraia.

Hilo la pili lilikuwa kweli. La kwanza tutaliona.

Kazi yake ilikuwa lishe. Mtawa mmoja mzee ndiye aliyemfundisha, na alimfundisha kwa ukali. Usimwamini mgonjwa anaposema hajambo, mwamini mwili wake. Funua kope la chini uone kama lina damu au limepauka. Mwambie atoe ulimi. Tazama kucha, vuta unywele uone kama unang'oka bila kuuma. Zungushia futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko, maana mkono wa juu hausemi uongo upesi. Bonyeza muundi kwa kidole gumba, kisha ondoa kidole. Ngozi ikirudi, shukuru Mungu. Shimo likibaki, maji yameanza kukaa mahali pa nyama. Baada ya hayo yote ndipo uulize, jana ulikula nini, kuanzia ulipoamka hadi ulipolala?

Pudentienne alifanya hayo yote, tena kwa mpango ule ule, kama mtu anayesali rozari. Na kwa Bibi Mukarugwiza kila kitu kilisema njaa, isipokuwa bibi mwenyewe.

"Jana ulikula nini, Bibi?"

"Nimekula, nashukuru."

"Ndiyo, lakini nini?"

"Alicholeta mkwe wangu. Mungu ambariki."

Huyo mkwe, Kagabo, alikuwa amesimama pale pale mguuni pa kitanda, kofia mkononi, na aliposikia hivyo aliinamisha kichwa kwa adabu. Alikuwa fundi seremala. Vita vilikuwa vimevunja karibu kila mlango wa ofisi za serikali kilimani Kacyiru, naye alikuwa akishinda huko akipachika milango mipya, wizara moja baada ya nyingine. Adhuhuri aliweka randa chini, akashuka na kupanda vilima na sufuria aliyoivika kitambaa ili isipoe. Maharage aliyapika mwenyewe kabla ya alfajiri, akayatia mawese na vitunguu, na siku njema akaweka na vipande vya samaki mkavu.

Wote wawili walitoka Karagwe, Tanzania, ambako bibi alikuwa ameishi ukimbizini tangu ujana wake. Alitaka kuiona nchi yake kabla hajafa. Binti yake Ihirwe, mke wa Kagabo, alikuwa na mimba kubwa, hakuweza kupanda lori, kwa hiyo alimwambia mumewe, "Mtangulie na Mama. Mtunze kama mimi ningemtunza." Kagabo akaapa. Na pale mpakani Rusumo, hatua chache ndani ya nchi iliyotamaniwa miaka yote hiyo, bibi aliteleza akishuka kwenye lori na chuma kikamchana muundi.

Kidonda chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilichokuwa kikubwa ni ukaidi wake. Kilioshwa, kikafungwa, kikatiwa dawa, na kila bendeji ilipofunguliwa kilikuwa vilevile, cha kijivu, kingo zimekufa, harufu inaanza.

Daktari Rugamba, aliyesomea Kampala na kujifunza Kiswahili chake kambini na jeshini, alikitazama Jumatatu ile baada ya mizani, akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye wodi nne na mikono miwili.

"Hii mguu inakataa kupona," alimwambia Pudentienne walipofika kwenye korido. "Mama anakula?"

"Anakula, Daktari. Mkwe wake analeta kila siku. Sufuria inarudi tupu, nimeiona kwa macho."

"Basi chakula inaingia na haikai. Iko kitu ndani. Kifua kikuu, ama uvimbe kwa tumbo, sijui. Mashine ya picha iko imekufa. Raundi ya mwisho wa mwezi nataka kuona nyama nyekundu kwa hiyo kidonda. Kama hapana, nakata juu ya goti, kabla sumu haijapanda. Na mwili ule, sister, kama nakata..."

Alirudi kitandani, akabonyeza muundi wa ule mguu mzima. Alipoondoa kidole, shimo dogo lilibaki. Alilitazama mpaka lilipojaa polepole. Kama daktari alikuwa sahihi, bibi huyu alikuwa amerudi nyumbani kuja kuzikwa kwa vipande.

Kagabo alimngoja mlangoni.

"Muganga, niambie ukweli. Nampikia vibaya?"

"Unapika vizuri, kaka."

"Maana mke wangu atakuja. Atakuja na mtoto mgongoni, ataniuliza, Mama yuko wapi? Mimi nitamjibu nini? Nitamwonyesha sufuria?"

Pudentienne alimwambia aongeze samaki, ushauri ambao hata yeye aliuona haufai kitu.

Basi katika wodi hiyo palikuwa na kitanda cha jirani, na kitandani humo alikuwa msichana aitwaye Illuminée. Huyu alikuwa mtu wa Kigali hasa, kazaliwa na kukulia hapo. Askari walimleta mwezi wa saba akiwa mifupa na macho, na homa isiyosikia dawa. Homa ilipopona hakuondoka, kwa sababu watu wake wote walikuwa wameuawa na hapakuwa na mlango wa kubisha. Hospitali ilitoa uji wa asubuhi tu. Mengine mgonjwa aliletewa na wa kwao, na Illuminée hakuwa na wa kwao. Hata hivyo, jamani, msichana alikuwa akinenepa! Mashavu yalijaa, nywele zilishika, na futi ya Pudentienne kila juma ilizidi kusogea. Pudentienne alijivuna sana kwa msichana huyo. Aliwaonyesha wauguzi wengine, "Mnaona uji wa soya unavyofanya kazi ukikorogwa sawasawa?"

Siku iliyofuata ile Jumatatu, alipita kumpima kama kawaida, akiwa na mawazo mengine kichwani. Kope, safi. Ulimi, mwekundu. Alichukua mkono wa msichana kutazama kucha, akasita.

Chini ya kucha palikuwa na rangi ya machungwa. Aliupeleka mkono karibu na pua. Mawese.

Uji wa hospitali hauna mawese.

Pudentienne aligeuka, akauchukua mkono wa Bibi Mukarugwiza pale kitanda cha pili, akazitazama kucha zake. Zilikuwa nyeupe, safi, kama za mtu anayefunga Kwaresima. Na Kagabo alikuwa ametoka si muda mrefu, na sufuria yake tupu.

Hasira ilimpanda ghafla mpaka masikio yakapata moto. Alisahau mtawa mzee, akasahau na ukristo.

"Wewe! Unamla bibi wa watu? Anakufa hapo kando yako, na wewe unanenepa kwa chakula chake? Huna hata haya?"

Illuminée alijikunja ukutani na kuficha mikono kwapani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na hofu ikakipunguza. "Mimi hapana iba, muganga. Yeye nasema kula. Kila siku nasema, kula, kula mbio, mkwe atageuka."

"Mwache mtoto," ilisema sauti kutoka kitanda cha pili. Ilikuwa sauti ya chini lakini haikuwa ya kuomba. "Mimi ndiye niliyempa. Njoo ukae hapa, mwanangu. Unapiga kelele kama mnadani."

Pudentienne alikaa. Bibi Mukarugwiza alingoja mpaka pumzi ya muuguzi ilipotulia.

"Kwenu Bujumbura hamkufunzwa? Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume. Hatafuni akamsikia. Hatoi ulimi, halambi kidole, hadondoshi tonge machoni pake. Huo ni uchi, mwanangu. Ni kama kuvua nguo."

"Lakini Bibi, Kagabo anageuka. Nimemwona akikupa mgongo."

"Mgongo una masikio." Alitikisa kichwa. "Na tena kinachonikaba zaidi si hicho. Anapika yeye! Mwanamume aliyemwoa binti yangu anachochea kuni gizani, ananimenyea vitunguu, halafu mimi nifumbue kinywa nitie? Karagwe Ihirwe alikuwa katikati yetu. Yeye alinipikia, yeye alinipakulia chumbani kwangu, wala mkwe hakujua kama nina meno."

"Sasa kwa nini hukumwambia tu?"

Bibi alimtazama kama anayemhurumia. "Nimwambie nini? Mtoto wa watu ananitembelea juani kila siku na sufuria kichwani kwa ajili yangu, nimwambie uwepo wako unanizuia kula? Nimvunje moyo kwa wema wake? Aa. Bora nife nikiwa na shukrani kuliko nipone nikiwa na ufidhuli. Nikaona chakula kisioze. Jirani yangu hana mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema?"

Kwao Pudentienne, huko Buyenzi, walikula kwenye sinia moja, mjomba na mkwe, jirani na mpita njia, na mwenye aibu alilala njaa kwa hiari yake. Mambo ya mkwe na mama mkwe aliyasikia kama vichekesho vya shangazi. Hakujua kwamba watu wanaokaa ugenini miaka mingi hushika mila kwa mikono miwili, kwa sababu hawana kingine cha kushika. Alikuwa amemuuliza bibi yule maswali yake yote ya shule, neno kwa neno, na kila mara alimuuliza mbele ya mtu yule yule ambaye jibu lisingeweza kutamkwa mbele yake.

Kisha jambo likamfikia, likaenea mwilini mwake kama uji wa moto. Hapakuwa na uvimbe tumboni. Hapakuwa na kifua kikuu wala mdudu. Ilikuwa njaa! Njaa tupu, ya kawaida, inayotibika kwa maharage! Alianza kucheka, akajizuia, ikashindikana, akacheka mpaka machozi yakamtoka na wagonjwa wa vitanda vya mbali wakainua vichwa.

"Amepagawa," Bibi Mukarugwiza alimwambia Illuminée.

"Ni njaa, Bibi! Una njaa tu!"

"Hilo si ningekwambia mimi," bibi alijibu, "kama ungeniuliza faraghani."

Sasa kujua ugonjwa ni jambo moja, na dawa ni jingine. Kumwambia Kagabo waziwazi kungemwaibisha yeye na bibi kwa mkupuo mmoja. Pudentienne aliwaza usiku kucha, na asubuhi akaamka na uongo uliokomaa.

Adhuhuri alisimama mlangoni pa wodi, mikono kiunoni. "Kuna kanuni mpya. Mwanamume yeyote haruhusiwi ndani wakati wa chakula. Mnaacha vyombo hapa, mnangoja uani."

Lo! Waume walikuja juu. Mmoja aliuliza kama mkewe amefungwa jela. Mwingine, mwenye sare, alidai kumjua mkubwa fulani. "Kanuni ya nani?" walifoka. "Ya lishe," alijibu Pudentienne, na kwa kuwa hakuna aliyejua lishe ina mamlaka gani, walitoka wakinung'unika. Kagabo peke yake alikabidhi sufuria kwa mikono miwili, akaenda.

Kikabaki kikwazo kimoja. Madirisha hayakuwa na vioo, na waume waliofukuzwa mlangoni walijipanga dirishani. Pudentienne alikimbia chumbani kwake, akafungua sanduku, akatoa kitenge chake kizuri kuliko vyote, cha maua ya manjano alichopewa na mama yake siku ya kuagana. Alikipigilia misumari kwenye dirisha la Bibi Mukarugwiza kabla moyo wake haujapata nafasi ya kubisha. Kisha akampa Illuminée sufuria. "Pasha moto jikoni. Pakua wewe kwenye sahani, kwa mkono wako. Kuanzia leo wewe ndiye unayempikia. Mnakula wote wawili, na Kagabo nitamwambia aongeze maji kwenye maharage."

"Aongeze maharage kwenye maji," alirekebisha bibi.

Siku zilipita. Illuminée aliapa kwamba bibi anakula. Lakini Illuminée alishawahi kunyamaza pale alipopaswa kusema, na Pudentienne hakutaka kusimama juu ya vichwa vyao akihesabu matonge, maana angekuwa Kagabo wa pili. Alipima mkono kwa futi, ukawa vilevile. Nyama hairudi kwa siku chache, hilo alilijua, lakini kulijua hakukumsaidia kulala. Kidonda kilikuwa bado kijivu. Daktari Rugamba alipita koridoni akiuliza kwa nyusi tu, naye akajibu kwa mabega. Na kila adhuhuri, chini ya dirisha lenye kitenge, Kagabo alichuchumaa mgongo ukutani, kofia magotini. Hakuweza kuuliza wala kuchungulia, na kusikiliza alijikataza mwenyewe, akawa anahesabu milango yake ya Kacyiru kwa sauti ya chini.

Ilikuwa siku ya mawingu Pudentienne alipokuwa akipita uani na ndoo ya maji, akamkuta hapo, akasimama kumsalimu. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya Bibi Mukarugwiza ilitoka nyuma ya kitenge, kavu, ya ukali, ya mama mwenye nyumba.

"Illuminée! Mwambie huyo anayekuletea maharage kwamba hayana chumvi. Siku zote hizi nanyamaza, nasema labda kesho. Hayana chumvi kabisa! Ni kama kutafuna shanga."

Kagabo alifumba macho. Mkono wake ulipanda mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika, na Pudentienne hakujua kwanza kama anacheka au analia, hadi alipoona ni vyote viwili, na kwamba yeye mwenyewe amemwaga nusu ya ndoo miguuni pake. Mtu asiyekula hajui chumvi. Bibi alikuwa ameonja, tena ameonja siku zote hizo, na sasa alikuwa na nguvu ya kugomba.

"Nimesikia, Mama," Kagabo alisema kwa sauti ndogo sana, isiyoweza kupenya kitambaa. Kisha akamtazama muuguzi, macho yamemlowa. "Na ile kanuni yako ya lishe, muganga, sasa nimeielewa."

"Kanuni gani?" alisema Pudentienne. "Sikumbuki."

Mwisho wa mwezi Daktari Rugamba alifungua bendeji mwenyewe. Aliinama, akauinua mguu, akaugeuza kwenye mwanga. Ndani ya kidonda, kutoka pembezoni kuelekea katikati, nyama mpya ilikuwa imechipuka, nyekundu, yenye chembechembe kama tunda la forosadi.

"Mlimpa dawa gani?" aliuliza.

"Maharage," alisema Pudentienne.

"Yenye chumvi," aliongeza bibi.

Daktari alicheka, cheko la kwanza ambalo wengi pale walipata kulisikia kwake, akaufunga mguu kwa mikono yake. Pudentienne alitoka nje, akasimama nyuma ya jengo mahali pasipo na mtu, akalia kidogo kwa raha, akajipangusa kwa aproni, akarudi kazini. Tangu siku hiyo hakuacha kope, wala futi, wala kidole gumba. Aliongeza swali moja tu, na aliliuliza akiwa ameinama sikioni mwa mgonjwa, ndugu wakiwa mbali: nani alikuwepo ulipokula?

Siku ya bibi kuruhusiwa, Pudentienne alishikwa na hofu ya mwisho. Nyumbani hakuna kanuni ya lishe. Huko ni mkwe na mama mkwe peke yao chini ya paa moja, na Ihirwe yuko mbali. Alikuwa akitafuta namna ya kulisema hilo alipomwona Bibi Mukarugwiza, amesimama kwa gongo, akimtazama Illuminée aliyekaa kitandani na mikono mapajani, kama mtu anayengoja basi analojua haliji.

"Unangoja nini?" bibi alimuuliza. "Beba sahani. Nani atanipakulia?"

Illuminée alimtazama Pudentienne, kana kwamba ruhusa ilitoka kwake. "Mimi nakwenda?"

"Unakwenda," bibi alijibu kabla muuguzi hajafungua mdomo. "Na hicho kitambaa cha dirishani, muganga, tunakichukua. Usininunie. Mwenye kutoa dawa humaliza dozi."

Karibu na Krismasi Pudentienne alikwenda kuwatembelea, nyumba ndogo chini ya kilima cha Kacyiru. Ihirwe alikuwa amewasili juma hilo na mtoto mgongoni, na sasa alikuwa amelala chumbani na mwanawe, usingizi wa safari. Sebule ilikuwa imegawanywa. Kagabo alikuwa ametengeneza reli ya mbao iliyorandwa vizuri, ukutani hadi ukutani, na kwenye reli hiyo kilining'inia kitenge cha maua ya manjano, na nyuma yake zilisikika sauti mbili za wanawake na mlio wa kijiko.

Kagabo alimkaribisha kiti, akaketi upande wa wanaume, mgongo kwa pazia.

"Sasa anakula?" Pudentienne alinong'ona.

Kabla hajajibiwa, ile sauti kavu ilitoka nyuma ya maua. "Illuminée! Mwambie huyo aliyepika leo!"

Kagabo aliinamisha kichwa kwa adabu zote, akitabasamu hadi masikioni. "Tangu jana," alisema, "anasema chumvi imezidi."